Maswali ya Wasomaji: Treni Inapohama Kutoka Waya wa Juu Kwenda Reli ya Tatu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Morogoro na husafiri mara kwa mara kwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR. Binti yangu, ambaye anasoma London, ameniambia kwamba treni anayopanda kwenda chuoni huanza safari ikiwa imegusa waya wa juu kama ya kwetu, lakini ikifika katikati ya mji hukunja mkono wake wa juu na kuanza kuchukua umeme chini, kwenye reli. Nilidhani ananitania. Je, jambo hilo linawezekanaje, na kwa nini wajitie katika usumbufu huo badala ya kuchagua njia moja?
Msomaji wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Binti yako hakutanii, mzee wetu. Kwa maelezo hayo, bila shaka anapanda treni za Thameslink, ambazo hukatiza jiji la London kutoka kaskazini hadi kusini na kufika mbali kama Bedford kwa upande mmoja na Brighton kwa upande mwingine. Kaskazini mwa stesheni ya Farringdon, njia hiyo ina waya wa juu wenye volti 25,000 za mkondo geu, yaani umeme wa aina ileile unaoendesha treni yako ya Morogoro. Kusini mwake, ukishapita stesheni inayofuata, hakuna waya wowote. Kuna reli ya tatu, iliyolazwa kando ya zile mbili zinazobeba magurudumu, na hiyo ina volti 750 za mkondo mnyoofu, umeme wa namna ya betri. Treni inayotaka kupita pande zote mbili haina budi kula vyakula viwili.

Usumbufu huo haukupangwa na mtu, ulirithiwa. Mwaka 1909 mojawapo ya kampuni za reli za kusini mwa London ilianza kuendesha treni kwa waya wa juu, huku kampuni jirani ikichagua reli ya tatu miaka michache baadaye. Kampuni hizo zilipounganishwa mwaka 1923 na kuwa Southern Railway, wakuu wake waliamua kwamba reli ya tatu ndiyo itakayoenea kila mahali, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuijenga na haikuhitaji kuinua madaraja wala kupanua mahandaki, na ilipofika mwaka 1929 waya zote za juu za kusini zilikuwa zimekwisha kung'olewa. Mwaka 1956 shirika la reli la taifa lilichagua volti 25,000 za waya wa juu kuwa kipimo cha nchi nzima, lakini kwa wakati huo kusini kulikwisha kuwa na mtandao mkubwa mno wa reli ya tatu, ambao hakuna aliyekuwa na fedha za kuufumua. Basi mpaka kati ya mifumo miwili ukabaki London. Mwaka 1988 handaki la Snow Hill, ambalo halikuwa limepitisha abiria tangu mwaka 1916, lilifunguliwa upya ili kuunganisha pande hizo mbili, na ndipo huduma ya Thameslink ilipozaliwa pamoja na treni zilizotengenezwa mahususi kwa umeme wa aina mbili.

Sasa tuingie ndani ya treni yenyewe. Mtu anayetazama kwa nje huona mkono wa juu, ambao mafundi huuita pantografu, na akichungulia chini ya behewa huona kipande cha chuma kinachoning'inia kando ya magurudumu na kuteleza juu ya reli ya tatu. Hicho huitwa kiatu. Huenda akadhani kwamba kazi ngumu ni kuinua kimoja na kushusha kingine. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu ni kwamba umeme wa juu na umeme wa chini hautofautiani kwa mahali unapotoka tu: mmoja una nguvu ya msukumo inayozidi ya mwenzake zaidi ya mara 33, na hugeuza mwelekeo wake mara kwa mara, ilhali mwingine huenda upande mmoja siku zote. Mota iliyotengenezwa kwa mmoja ingeungua, au isingezunguka kabisa, kama ingepewa mwingine moja kwa moja.

Suluhisho la treni za kisasa ni kuzikutanisha njia hizo mbili katikati. Umeme wa waya wa juu ukishapita kwenye pantografu huingia katika transfoma kubwa iliyofungwa chini ya sakafu, hupunguzwa volti zake, kisha hupitia kifaa cha kuunyoosha na kuufanya mkondo mnyoofu. Umeme wa reli ya tatu, kwa kuwa tayari ni mnyoofu, hauna haja na transfoma; hupitia kwenye breka yake, yaani swichi kubwa inayokata umeme ikifunguka na kuuunganisha ikifunga, na chujio la kuusawazisha tu, kisha unafika palepale ambapo ule wa kwanza uliishia. Kuanzia hapo mota hazijui tena umeme umetoka wapi. Kifaa kiitwacho inveta huchukua mkondo huo mnyoofu na kuutengeneza upya kuwa mkondo geu wa fezi tatu, na kwa kubadili kasi ya mizunguko yake dereva huongeza au kupunguza mwendo wa treni. Treni za zamani hazikuhitaji hata inveta, kwa sababu mota zake zilikuwa za mkondo mnyoofu tangu mwanzo. Treni za aina ya 313, zilizoanza kazi mwaka 1976 na kubadilishia umeme katika stesheni ya Drayton Park, kaskazini mwa London, zilikuwa za namna hiyo.

Tuseme treni ya binti yako imesimama Farringdon ikielekea kusini. Milango inafunguliwa, abiria wanashuka na wengine wanapanda, na wakati huohuo mambo manne yanatendeka kwa mfuatano usioruhusu kurukwa hatua hata moja. Kwanza, breka kuu iliyo juu ya paa inafunguka na kukata umeme wa waya, ili pantografu isiachane na waya ikiwa bado imebeba mzigo na kurusha cheche kubwa. Pili, hewa iliyobanwa inayoiinua pantografu inaachiwa, nayo inajikunja yenyewe hadi ilale juu ya paa. Imeundwa hivyo makusudi, ili hitilafu yoyote ya hewa iishushe na wala si kuinyanyua. Tatu, vipimo vya treni vinahakikisha kwamba viatu vimegusa reli na kwamba volti zinazoonekana ni zile 750 zinazotarajiwa. Baada ya hapo ndipo breka ya upande wa chini inaporuhusiwa kufunga. Kwa muda huo mfupi taa hushikiliwa na betri, na abiria mwenye masikio makini husikia mvumo wa feni ukififia kisha ukirudi. Wengi hawasikii kitu.

Kanuni inayotawala mfuatano huo ni ileile ambayo fundi yeyote wa umeme wa Morogoro anaijua, kwa maana nyumba yenye jenereta na umeme wa TANESCO hufungiwa swichi ya kuhamisha, ambayo kwa umbo lake haiwezi kushika pande zote mbili kwa pamoja. Katika treni, kinga hiyo hutegemea nyenzo za mitambo, saketi za umeme na programu ya kompyuta, na kila mojawapo huizuia breka moja kufunga kabla nyingine haijafunguka.

Kuna jambo ambalo abiria halioni kabisa, nalo ndilo linalowasumbua wahandisi zaidi ya yote yaliyotangulia. Umeme unaoingia katika treni ni lazima urudi ulikotoka, na katika mifumo yote miwili ya Thameslink unarudi kwa kupitia magurudumu na kuingia katika reli zilezile mbili za kawaida. Wahandisi wa mkondo mnyoofu hutaka reli hizo zitengwe na ardhi kadiri inavyowezekana, kwa sababu umeme unaovuja na kupita udongoni hula chuma unapokitoka: ampea moja ikivuja mfululizo kwa mwaka mzima inaweza kuyeyusha takriban kilo 9 za chuma, na chuma hicho chaweza kuwa bomba la maji au nondo za msingi wa jengo la mtu. Wahandisi wa mkondo geu hutaka kinyume chake, yaani reli na vyuma vyote vya jirani viunganishwe na ardhi, ili mtu anayeshika uzio au nguzo asipigwe na umeme ulioamshwa na waya ulio juu. Mahali ambapo mifumo miwili inakutana, pande zote mbili zinapaswa kutendewa haki juu ya chuma kilekile. Mkondo mnyoofu ukipenya katika transfoma za upande wa pili huzielemea, na ukichanganyika na saketi za ishara za reli unaweza kuzipotosha. Ndiyo maana sehemu yenye waya na reli ya tatu kwa pamoja hufanywa fupi. Hapo London sehemu hiyo ipo kati ya Farringdon na stesheni inayofuata ya City Thameslink, na faida ya kuwa na urefu huo ni kwamba treni iliyoshindwa kubadili katika stesheni ya kwanza haikwami papo hapo katikati ya njia ambayo imebuniwa kupitisha hadi treni 24 kwa saa kwa kila upande.

Umeuliza pia kwa nini wasichague njia moja, na nadhani swali hilo linajibiwa vizuri zaidi na hesabu. Treni inayohitaji megawati 3 ikizichukua kutoka kwenye volti 25,000 itavuta ampea 120 tu, na waya wa shaba wenye unene wa kidole unatosha kuzibeba. Ikizichukua megawati hizohizo kutoka kwenye volti 750 itavuta ampea 4,000. Kwa kuwa umeme unaopotea kama joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea, katika kondakta ileile upotevu ungekuwa zaidi ya mara 1,000. Kwa hiyo reli ya tatu hufanywa nene, zaidi ya kilo 50 za chuma kwa kila mita, na bado inahitaji vituo vya kupozea umeme kila baada ya kilomita chache, ilhali kwenye waya wa volti 25,000 vituo hivyo vinaweza kuachana kwa makumi ya kilomita. Kwa njia ya Dar es Salaam hadi Dodoma, yenye zaidi ya kilomita 400, iliyoanza kuhudumia abiria mwaka 2024 na iliyobuniwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, sioni mhandisi ambaye angependekeza kingine zaidi ya waya.

Tena kuna usalama. Reli ya tatu ya kusini mwa Uingereza iko wazi, usawa wa kifundo cha mguu, na haionekani tofauti na reli nyingine kwa mtu asiyeijua. Hata huko, mamlaka ya usalama wa reli kwa miaka mingi imekuwa na msimamo wa kutopendelea njia mpya za namna hiyo. Mahali ambapo ng'ombe na mbuzi hutafuta malisho kandokando ya tuta la reli, kuilaza wazi kungekuwa ni kutafuta msiba.

SWALI: Katika maelezo niliyowahi kusoma kuhusu treni za namna hii, ilisemekana kwamba nyingine hubadili umeme bila kusimama. Je, ni kweli? Na ikiwa dereva amesahau kushusha kile cha juu au kuinua kile cha chini, linatokea nini?
Msomaji wa Changamwe, Mombasa

JIBU: Ni kweli, na jambo hilo ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mnamo Januari 1902 treni mbili ziligongana ndani ya handaki la Park Avenue mjini New York, ambamo moshi wa injini za mvuke ulizuia dereva kuona ishara, na watu 15 walipoteza maisha. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kupiga marufuku mvuke katika sehemu hiyo ya mji kuanzia katikati ya mwaka 1908. Kampuni iliyomiliki stesheni ya Grand Central ikachagua reli ya tatu ya mkondo mnyoofu. Kampuni ya New Haven, ambayo treni zake ziliingia katika stesheni hiyo kwa kutumia reli za mwenzake, ilitaka kufika mbali zaidi, ikachagua waya wa juu wa volti 11,000 za mkondo geu. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1907 vichwa vyake vya treni vililazimika kutumia vyote viwili.

Wakati huo hakukuwa na inveta wala kompyuta, na ujanja uliotumika unanifurahisha kila ninapoufikiria. Walitumia mota ambayo umeme uleule hupita kwanza katika koili za nje zinazotengeneza usumaku, kisha katika sehemu ya ndani inayozunguka. Umeme ukigeuka mwelekeo, usumaku wa nje unageuka na wa ndani unageuka pamoja nao, na msukumo unabaki kuwa wa upande uleule. Mota ya namna hiyo ikitengenezwa kwa uangalifu inakubali mkondo geu na mkondo mnyoofu pia. Mashine ya kutobolea ukuta ambayo fundi wako huichomeka nyumbani mara nyingi ina mota ya ukoo huohuo.

Njia ya New Haven ingali inafanya kazi, na leo waya wake una volti 12,500. Treni zinazotoka Grand Central hubadili umeme zikiwa mwendoni, kati ya stesheni za Mount Vernon East na Pelham, kwa sababu hapo pameachwa nafasi ya kutosha: mota zinaacha kuvuta, treni inateleza kwa kasi iliyo nayo, breka ya upande mmoja inafunguka, pantografu inanyanyuliwa, na umeme mpya unashikwa kabla treni haijapoteza mwendo mwingi. Ongeza kwamba reli yao ya tatu hushikwa kwa kiatu kinachosukuma kutoka chini kwenda juu, na sehemu yake ya juu imefunikwa ili theluji na barafu visijikusanye kwenye uso wenye umeme. Ile ya kusini mwa Uingereza hushikwa kwa juu. Kwa hiyo viatu vya nchi moja havifai katika nchi nyingine, hata kama volti zinakaribiana.

Kuhusu dereva aliyesahau, jibu linategemea amesahau upande gani. Pantografu iliyoachwa juu mahali pasipo na waya haibaki katika kimo chake cha kawaida, kwa maana waya ndio uliokuwa unaizuia. Itanyooka hadi mwisho wake, kisha itagonga daraja au mlingoti wa ishara wa kwanza utakaokutana nao. Kiatu kilichoachwa chini nacho kinaweza kukwangua kifaa chochote kilichojengwa kando ya reli na watu ambao hawakutarajia kiatu kipite hapo.

Treni za Eurostar, ziendazo kati ya London na Ufaransa, zilitoa mafunzo ya pande zote mbili. Kuanzia Novemba 1994 zilitoka London Waterloo kwa reli ya tatu, zikipita taratibu kati ya treni za kawaida za wafanyakazi, na kabla ya kuingia katika handaki la chini ya bahari zilinyanyua viatu vyao na kushika waya wa volti 25,000. Zikiwa kwenye waya ziliweza kutumia takriban megawati 12 na kukimbia kilomita 300 kwa saa. Zikiwa kwenye reli ya tatu zilipata megawati 3.4 tu na hazikuzidi kilomita 160 kwa saa, na Wafaransa hawakuacha kuutania mwendo huo. Ilitokea viatu vikasahauliwa chini hadi vikaharibu vifaa vya kando ya reli upande wa Ufaransa, na shirika la reli la huko likaona dawa ni kujenga vizuizi vya zege mahali ambapo kiatu kilichosahauliwa kingevunjika kabla hakijaleta hasara kubwa zaidi. Ni dawa ya kikatili kidogo, lakini haihitaji umeme, kompyuta wala kumbukumbu ya dereva. Tarehe 14 Novemba 2007 Eurostar ilihamia stesheni ya St Pancras kwa njia mpya yenye waya mwanzo hadi mwisho, na haja ya viatu ikaisha.

Siku hizi mifumo mingi huachia kazi hiyo vifaa vilivyofungwa kwenye reli, ambavyo huiambia treni kwamba mpaka umefika. Bado dereva hufundishwa kuifanya kwa mkono.

SWALI: Ninaishi Dubai, na metro ya hapa haina waya wowote, wala tramu ya Marina. Je, na hizo hutumia reli ya tatu kama ile ya London? Mbona tramu inapita barabarani na watu wanakanyaga reli zake bila kudhurika?
Msomaji wa Dubai

JIBU: Metro, ndiyo. Tangu ilipofunguliwa Septemba 2009 imekuwa ikitumia reli ya tatu ya volti 750, na kwa kuwa hupita juu ya nguzo au chini ya ardhi, na majukwaa yake yamezungushiwa vioo vyenye milango, hakuna mtu anayeweza kuifikia reli hiyo kwa bahati mbaya. Haibadili umeme popote.

Tramu ni jambo jingine. Kati ya reli zake mbili kuna ukanda wa tatu uliolazwa usawa wa barabara na kukatwa katika vipande vifupi, kila kimoja kikiwa na swichi yake. Kipande hupewa umeme pale tu tramu inapokuwa imekifunika chote kwa mwili wake, na kinazimwa kabla haijaondoka juu yake, hivyo kinachoonekana na mtu anayevuka barabara ni chuma kisicho na umeme. Teknolojia hiyo ilianza kutumika katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 2003, ambako wakazi hawakutaka waya zipite mbele ya majengo yao ya kale. Huko tramu hutumia ukanda huo katikati ya mji tu, na ikifika vitongojini husimama kituoni, ikanyanyua pantografu yake na kuendelea kwa waya wa kawaida. Kwa kuwa juu na chini kote ni volti 750 za mkondo mnyoofu, haihitaji transfoma wala kifaa cha kunyoosha umeme. Inabadili mahali pa kushika tu, kama zifanyavyo treni za njia ya Blue Line ya Boston katika stesheni ya Airport, ambazo huacha reli ya tatu hapo na kushika waya kwa sababu mbele yao njia inapita karibu na bahari, ambako barafu ya majira ya baridi ingeifunika reli iliyo wazi.